Chuo Wanakitaka, Bei Ndiyo Hawajaambiwa

"Miss, kwenye hiyo fomu mama yangu anaandikwa wapi?"

Fomu ni ile ya kuomba msaada wa masomo, na kila msimu wa maombi ya vyuo naulizwa swali hilo kwa sauti ya chini, na mwanafunzi aliyesubiri wenzake watoke kwanza. Mwenyewe kazaliwa hapa hapa Houston, ni raia, na ana haki ya kupata msaada wa masomo ambao serikali kuu ya Marekani huwapa watoto wa familia zenye kipato kidogo. Mama yake aliingia nchini miaka mingi iliyopita na hadi leo hana makaratasi ya ukaazi. Mtoto ana alama nzuri, chuo anakitaka, na sasa anapima kama inafaa kuliingiza jina la mama kwenye kompyuta za serikali kwa ajili ya masomo yake yeye. Ana miaka 17, na uzito huo anaubeba peke yake, maana nyumbani hataki kumtia mama wasiwasi na shuleni hataki mtu ajue.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya ushauri wa vyuo katika shule moja ya sekondari kusini-magharibi mwa jiji. Ni upande wenye nyumba za kupanga za ghorofa mbili mbili zilizobanana, vibanda vinavyouza chapati za mahindi ziitwazo pupusa, na vituo vya basi vinavyojaa watu kabla ya alfajiri. Wanafunzi wetu wengi ni watoto wa watu waliotoka Meksiko, El Salvador, Honduras na Guatemala. Wapo pia Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na hao tukikutana tunasalimiana kwa Kiswahili. Mimi ni Mtanzania. Nilifundisha sekondari Morogoro kabla ya mume wangu kushinda bahati nasibu ya viza na sisi kuhamia huku. Kihispania nimekiokota kazini, kwa wazazi, na kinanitosha kuongea nao mambo ya fedha bila kumfanya mtoto awe mkalimani.

Naandika haya kwa sababu nasikia watu, wakiwemo Waafrika wenzangu wa hapa Houston, wakisema Walatino hawana habari na chuo, kwamba kijana wao akimaliza sekondari anakimbilia ujenzi. Kauli hiyo inaniumiza, maana nimekaa na vijana hawa meza moja kwa miaka kadhaa. Chuo wanakitaka, tena sana. Na anayeamua kutokwenda huamua kwa hesabu ya makini kabisa. Balaa ni kwamba tarakimu alizopewa za kufanyia hesabu hiyo si za kweli, na zile za kweli zinamfikia akiwa ameshaamua.

Nianze na deni, maana ndilo linalowatisha kuliko mtihani wowote.

Shuleni tunapenda kuwaambia vijana kwamba mkopo wa masomo ni uwekezaji. Kuna kijana mmoja wa darasa la 11 aliyesikiliza maneno hayo hadi mwisho, kisha akafungua begi akatoa bahasha. Kaka yake alianza chuo kikuu, akakopa mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili baba yao akaanguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiliezeka. Texas ni jimbo ambalo mwajiri binafsi anaruhusiwa kuamua mwenyewe kama atawakatia wafanyakazi wake bima ya fidia ya kuumia kazini au la, na mwajiri wa baba yule hakuikata. Kaka akaacha chuo, akapanda paa badala ya baba. Digrii hakupata, mkopo ukabaki. Barua za kudai zinakuja kwa Kiingereza, na katika nyumba ile msomaji wa Kiingereza ni huyu mdogo. Tangu ana miaka 13 ndiye anayefungua barua za hospitali, za umeme, za mwenye nyumba na za mkopo wa kaka, anawafafanulia wazazi wakiwa wamesimama jikoni na sahani mkononi. Akaniwekea kidole kwenye mstari wa riba iliyoongezeka tangu barua ya mwisho, akaniuliza kwa heshima zote: "Miss, uwekezaji wenyewe ndio huu?"

Mtoto huyo analijua deni kuliko vijitabu vyetu vyote. Ambacho hakuna mtu aliyewahi kumweleza ni kwamba ipo pesa isiyorudishwa. Ruzuku ya Pell, iliyopewa jina la seneta Claiborne Pell wa Rhode Island, kwa mwaka wa masomo 2025–26 inafika dola 7,395, na mwanafunzi anayesoma hadi mwisho wa muhula harudishi hata senti. Yeye alidhani kila kinachotoka serikalini ni mkopo uliopambwa. Siwezi kumlaumu, maana mabango yetu ya korido yanachanganya ruzuku, mkopo na kazi za chuoni ndani ya mduara mmoja wa rangi nzuri.

Mimi nilisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa boom, yaani fedha za mkopo. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi: Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi 2005 ndiyo iliyonilipia, na siku boom likichelewa chuo kizima kilichemka. Msiba kwetu ulikuwa kukosa mkopo. Ukiupata, wazazi wanatoa shukrani kanisani. Sheria ilipobadilishwa 2016 na makato yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara, tulinung'unika na tukalipa, kwani dawa ya deni ni kulipa. Wazazi wa Kilatino ninaokutana nao wanaona dawa ya deni ni kutokopa kabisa. Gari wananunua taslimu, bovu litengenezwe taratibu. Sherehe ya binti anapotimiza miaka 15 inachangiwa na wasimamizi wa ubatizo na marafiki, huyu gauni, yule keki, mwingine muziki, ili mradi ikiisha asidaiwe mtu. Wanaogopa kudaiwa kwa sababu wamewaona ndugu zao wakidaiwa, na katika nchi ambayo wengine wao hawana pa kujitetea.

Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi akiambiwa anaweza kukopa hadi dola 5,500 kwa serikali kuu, kwa riba ya asilimia 6.39 iliyowekwa kwa mikopo ya 2025–26, baba anakunja karatasi na mazungumzo yanaishia hapo. Kijana anajipangia njia nyingine: atachukua masomo mawili tu kwa muhula na kufanya kazi wiki nzima, asidaiwe. Mpango huo unasikika wa kiume na wa busara, na mimi ndio unaoninyima usingizi. Ruzuku ya Pell hupungua kadiri idadi ya masomo inavyopungua. Kijana anaukimbia mkopo, na katika kuukimbia anaiacha pia pesa ya bure njiani, halafu kazi ya wiki nzima inammaliza na yale masomo mawili yanakuwa moja, kisha hakuna.

Msimamo wangu nimeshausema mbele ya wakubwa wangu na nitaurudia. Mkopo wa serikali kuu wa dola elfu chache, kwa binti anayesomea uuguzi na akiwa na ruzuku nyingine, nautetea mbele ya baba yeyote. Mkopo wa kampuni binafsi, unaotaka saini ya mjomba mwenye makaratasi, siutetei, na nimeshamwambia mjomba mmoja uso kwa uso aiweke kalamu chini.

Sasa bei. Jijini kwetu kuna Chuo Kikuu cha Rice, jirani kabisa na hospitali kubwa za Texas Medical Center. Watoto wetu hupita hapo na mama zao wakienda kliniki, wanaiona ile miti mikubwa na majengo ya matofali, na wanajua ni chuo cha matajiri. Ada yake inapita dola 50,000 kwa mwaka. Mtoto ambaye wazazi wake wawili kwa pamoja hawafikishi kiasi hicho anahitaji nini zaidi ili aelewe kuwa hapo si pake? Lakini chuo hicho hicho kilitangaza mwaka 2018 kwamba familia yenye kipato cha chini ya dola 65,000 haitalipa ada, wala chumba, wala chakula, na kiwango hicho kimepandishwa tangu wakati huo. Nacho kikundi cha vyuo vikuu vya jimbo vilivyo chini ya mfumo wa University of Texas kiliamua Novemba 2024 kuwa kuanzia 2025 mkazi wa jimbo ambaye kipato cha familia yake hakizidi dola 100,000 asilipe ada. Bei inayotangazwa ni kama bei ya kwanza ya Kariakoo, inamfukuza mteja asiyejua kwamba kuna ya pili. Na huku hiyo ya pili hupewi mpaka uombe nafasi, ujaze fomu, upeleke ritani za kodi, usubiri miezi.

Kulikuwa na msichana ambaye alikuwa miongoni mwa wanafunzi watatu wa juu wa mwaka wake. Kwa sheria ya Texas ya 1997 walio kwenye asilimia 10 ya juu ya shule yao wana nafasi ya uhakika kwenye vyuo vikuu vya umma vya jimbo, ingawa kile cha Austin kimeruhusiwa kubana zaidi. Kwenye karatasi yake ya maombi aliandika chuo cha jamii peke yake, yaani kile cha miaka miwili chenye ada ndogo. Nikamuuliza kwa nini. "Niliangalia bei nikiwa darasa la 9, Miss." Aliangalia ukurasa mmoja kwenye simu, usiku, na kwa miaka mitatu iliyofuata kila alichochagua kilitoka kwenye ukurasa ule: masomo aliyoyaacha, safari za kutembelea vyuo ambazo hakujiandikisha, barua za sifa ambazo hakuwaomba walimu.

Sikidharau chuo cha jamii. Ruzuku ya Pell ikitoka kamili inalipa ada ya huko na inabaki ya vitabu na basi, na nimewaona vijana waliotoka huko wakiwa mafundi na wauguzi wazuri bila deni. Kinachonikera ni mtoto kwenda huko kwa kuamini kwamba ndiko pekee anakoruhusiwa kwenda.

Kwa yule msichana bei ilipokwisha kueleweka, likabaki jambo la mama. Mama hakutaka binti alale nje ya nyumba. Washauri wenzangu huwaambia mabinti hawa, "Jifikirie wewe kwanza," na binti anaitikia kwa kichwa kisha haonekani tena ofisini, maana kaambiwa amgeuzie mama yake mgongo. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ambayo binti haondoki bila kujulikana kafikia kwa nani, kwa hiyo nilikwenda nyumbani kwao. Mama alikuwa na maswali ya maana kabisa. Mlango wa bweni unafungwa saa ngapi na nani anaushika ufunguo? Akiugua usiku nani atampigia simu, na kwa lugha gani? Jumapili kuna misa ya Kihispania karibu? Na swali lililokuwa kubwa kuliko yote, ambalo alilisema mwisho huku akipangusa meza iliyokuwa safi tayari: mdogo wake mwenye pumu nani atampeleka shule saa 12 na nusu asubuhi, wakati yeye yuko kazini tangu saa 10 alfajiri? Binti ndiye dereva, ndiye mkalimani wa kliniki, ndiye anayejua dawa ipi inavutwa lini. Msaada wa masomo haumlipi mtu wa kuziba pengo hilo. Tulikaa na shangazi na jirani, tukagawana asubuhi za wiki, na ndipo mama akauliza Austin ni mwendo wa saa ngapi.

Halafu barua ikaja, ile inayoorodhesha msaada wote ambao chuo kinatoa. Baba alikuwa ameshapiga simu El Salvador kutoa habari njema, kwa sababu jumla ya chini ilikuwa kubwa kuliko alivyowahi kuona imeandikwa kando ya jina la mtu wa ukoo wake. Nikaomba kalamu. Tukaweka alama kwenye ruzuku: Pell, ya jimbo, ya chuo. Hizo ni zawadi. Tukazungushia mikopo miwili iliyopangwa chini yake kana kwamba nayo ni zawadi. Ukabaki mstari wa kazi za chuoni, ambao hudanganya wengi: pesa ile haipunguzi bili, inalipwa kama mshahara kadiri mwanafunzi anavyofanya kazi, na kazi yenyewe lazima aitafute akifika. Baada ya kuondoa hivyo vyote bado palikuwa na kiasi ambacho familia ingepaswa kutoa. Baba alikitazama kiasi hicho muda mrefu, akasema anakiweza kikigawanywa kwa miezi. Alikuwa mtulivu kuliko alivyokuwa kabla ya kalamu. Kinachowamaliza wazazi hawa ni kutokujua. Ukiwawekea namba halisi mezani, wao ni mabingwa wa kuigawa.

Fomu yenyewe, inayoitwa FAFSA, inahitaji maelezo marefu kidogo. Desemba 2020 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuirahisisha: maswali yaliyozidi 100 yangepungua hadi 18 kwa baadhi ya waombaji. Tulifurahi. Kwa kawaida fomu hufunguliwa Oktoba. Hii mpya ilichelewa hadi tarehe 30 Desemba 2023, na ilipofunguka, mzazi asiye na namba ya Hifadhi ya Jamii, ambayo wasio na makaratasi hawapewi, hakuweza kuimaliza. Zamani tuliandika sifuri kwenye nafasi hiyo na mzazi akasaini karatasi. Sasa kila mzazi alitakiwa kuwa na akaunti yake na kuthibitisha yeye ni nani, na mtambo haukuwatambua watu wa namna hiyo.

Mama mmoja wa Honduras alikuja akitokea zamu ya usiku ya kusafisha maofisi, bado kavaa sare yenye nembo ya kampuni kifuani. Alibeba faili la plastiki lenye vifuko, na ndani yake ritani za kodi za miaka yote aliyokaa nchini, kila moja kwenye kifuko chake, zote zimejazwa kwa ile namba maalumu ambayo mamlaka ya kodi huwapa wasio na namba ya Hifadhi ya Jamii. Kila Aprili anailipa kodi serikali ambayo haimtambui kama mkazi. Tuliingiza jina lake, mtambo ukakataa. Tukapiga simu ya msaada, tukaiweka mezani kwa sauti, ikapiga muziki wake. Mama akalaza kichwa juu ya faili akalala, na binti yake akamfunika na koti lake la shule akaendelea kusubiri simu. Siku hiyo hatukufanikiwa. Marekebisho yalikuja Machi 2024, wakati wanafunzi ambao wazazi wao wana namba walikuwa wamemaliza tangu Januari. Hakuna aliyekaa kupanga kuwaumiza watoto hawa, nakubali, lakini walioumia ni wao, na mwaka ule nilipoteza wanafunzi ambao najua kwa hakika wangekwenda. Walichoka kusubiri wakaanza kazi.

Kuna jambo Texas ililifanya linalosaidia na kuchanganya kwa wakati mmoja. Tangu mwaka wa masomo 2021–22 mwanafunzi hahitimu sekondari mpaka awe amejaza fomu ya msaada wa masomo, ya serikali kuu au ya jimbo, au mzazi awe amesaini karatasi ya kujitoa. Idadi ya wanaokuja ofisini iliongezeka sana. Lakini wengi huja kwa ajili ya cheti, wanajaza haraka haraka, na familia yenye hofu inasaini kujitoa bila kuuliza chochote. Saini hiyo nikiiona sasa naitafuta familia kwa simu, kwa kusalimia kwanza.

Juni 2025 ndiyo mwezi mgumu kuliko yote niliyofanya kazi hapa. Mwaka 2001 Texas ilikuwa jimbo la kwanza nchini kuwaruhusu vijana wasio na makaratasi, waliosoma na kuhitimu sekondari humu, kulipa ada ya mkazi. Sheria hiyo ilisainiwa na gavana wa chama cha Republican, Rick Perry, na ikadumu zaidi ya miaka 20. Tarehe 4 Juni 2025 serikali kuu iliishtaki Texas kwa sheria hiyo, jimbo likakubali badala ya kupinga, na jaji akaifuta siku hiyo hiyo. Asubuhi wanafunzi wetu walikuwa wakazi, jioni walikuwa wageni wa kulipa ada ambayo kwenye vyuo vikuu vingi ni zaidi ya mara mbili. Shule ilikuwa imeshafungwa kwa likizo. Simu yangu haikunyamaza.

Watu huniuliza kwa nini vijana hao wasiombe ule mpango wa Obama wa 2012 wa kuwakinga na kufukuzwa nchini vijana walioletwa wakiwa watoto. Mpango huo ulimtaka mwombaji awe ameishi Marekani mfululizo tangu tarehe 15 Juni 2007. Wengi wa wanafunzi wangu wa darasa la 12 walizaliwa baada ya tarehe hiyo. Mahakama ya Juu ya nchi iliamua 1982, katika kesi iliyotoka Tyler, mji wa Texas hii hii, kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya msingi na sekondari kwa sababu ya makaratasi. Kwa hiyo tunawapokea, tunawafundisha hesabu za juu na kemia, tunawapigia makofi, kisha tunawaonyesha ukuta. Nimefundisha nchi mbili na sijawahi kuona kitu kinachoidhalilisha kazi ya mwalimu namna hiyo.

Mwaka huo huo wa 2025, mwezi Aprili, mamlaka ya kodi na idara ya uhamiaji zilitia saini makubaliano ya kupeana taarifa. Habari ilifika kwa wazazi kabla ya kufika kwetu. Swali la "mama anaandikwa wapi" likapata uzito mwingine. Siku hizi namsomea mzazi sheria inavyosema, kwamba taarifa za FAFSA ni kwa ajili ya kutoa msaada wa masomo tu. Kisha namwambia kuwa mimi siwezi kumdhamini mtu yeyote aliyeko serikalini leo au kesho. Mzazi aliyejaza kodi kwa miaka 15 kwa anuani ile ile ana hesabu yake, na ambaye hajaandikwa popote ana yake. Hapo simsukumi mtu. Mtoto akiwepo namwomba atoke kidogo, maana nimeona mama akikubali jambo linalomtisha kwa sababu tu macho ya mwanawe yako juu yake.

Wakongo wetu hawana hofu hiyo. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi anastahili msaada wote wa masomo wa serikali kuu. Lakini deni wanalijua. Wengi waliletwa kwa nauli ya ndege ya kukopeshwa, ambayo huirudisha kidogo kidogo kila mwezi wakishafika. Mama mmoja, mwanawe anamaliza mwaka huu, aliniambia: "Dada, deni ya ndege ndiyo nimetoka kumaliza. Unataka niingie ingine?" Nikamketisha na mama wa Kisalvador mwenye binti wa darasa moja na mwanawe, nikiwa mkalimani katikati, na waligundua wanauliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule.

Tumehamisha kazi kubwa kutoka darasa la 12 kwenda darasa la 9, na kutoka ofisini kwenda ukumbi wa kanisa, Jumapili baada ya misa, kwa Kihispania. Wakati huo akina baba wapo. Tunaanza na pesa isiyorudishwa, na hatutamki mkopo mpaka hiyo imeeleweka. Tangu 2011 kila chuo kinachopokea msaada wa serikali kuu lazima kiweke kwenye tovuti yake kikokotoo cha kukadiria gharama halisi kwa familia. Tunakifungua kwenye simu za wazazi wenyewe, wanaingiza kipato chao, wanaona tarakimu ikishuka. Nilimwalika pia yule kaka aliyeacha chuo. Wenzangu waliona atawatisha watu. Alisimama na viatu vyake vya kazi, akataja alikopa kiasi gani, amelipa kiasi gani na kimebaki kiasi gani, na akasema kwamba kama angemwambia mtu wa ofisi ya chuo siku baba alipoanguka, huenda wangetafuta namna. Hakuna mtaalamu aliyewahi kusikilizwa ukumbini mle kama alivyosikilizwa yeye.

Maswali yaliendelea hadi mlinzi akaja na funguo. Baba mmoja alitaka kujua mtoto akiacha katikati ya muhula ruzuku inakuwaje, kwani hilo ndilo linalotokea kwa watu wao, kazi inapotea au mtu anaumia na mtoto anaitwa nyumbani. Nikamweleza kuwa akiondoka kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya fedha hurudishwa na chuo kinaweza kumdai, na kwamba kabla ya kuondoka aulize tarehe hiyo inaangukia lini. Akaiandika nyuma ya bahasha ya sadaka. Tukapanga kwamba mkutano ujao walete ritani za kodi za mwaka juzi, maana ndizo fomu inazozitumia, na wasiokuwa nazo nitawaonyesha pa kuziomba.